Shingo ya Toleo la Kwanza

Siku Waya alipoligundua lile tundu, hakuwa na ubaya na mtu yeyote. Alikuwa amekaa kwenye zulia sebuleni, gitaa la baba yake limelala mapajani mwake kama mtoto anayesubiri kuogeshwa, na kitambaa laini mkononi. Kulisafisha gitaa hilo ilikuwa kazi yake tangu alipokuwa na kimo cha spika. Bendi ilimpa jina hilo la Waya kwa sababu utoto wake wote aliumaliza akikunja nyaya nyuma ya jukwaa, na hata sasa, baada ya kusoma mpaka kuvaa joho, kazi yake ilikuwa ileile, ila tu alikuwa amepanda cheo na kukaa kwenye mitambo ya sauti.

Kitambaa kilikwama kichwani mwa gitaa, nyuma kidogo ya kile kipande cha mfupa ambacho nyuzi hupita juu yake. Akainamisha uso. Palikuwa na kidoa cha mviringo, kama punje ya mahindi, rangi yake ikipishana kidogo tu na mti uliokizunguka. Akakigusa kwa ukucha, kikabonyea. Akakikwangua taratibu, na kipande cha mti laini kikachomoka kizima, kikaacha tundu jeusi linaloingia ndani ya shingo.

Waya akakitazama kile kipande kiganjani mwake.

Ndani ya shingo ya gitaa la umeme kuna chuma chembamba kinachoizuia isipinde kwa mvuto wa nyuzi. Mara kwa mara chuma hicho hukazwa. Katika toleo la kwanza la magitaa ya aina ile, mahali pa kukazia palifichwa chini kabisa, shingo inapoungana na bodi, kiwiliwili cha gitaa, na fundi alilazimika kufungua shingo nzima ili apafikie. Mafundi walilalamika mpaka kiwanda kikasikia. Toleo la tatu lilipotoka, tundu la kukazia lilikuwa juu, kichwani.

Gitaa la baba yake lilikuwa la toleo la kwanza. Kuwa na tundu kichwani ilikuwa sawa na mbuzi kuota mkonga.

"Waya!" sauti ya baba yake iliita kutoka uani. "Umeshamwogesha mke wangu wa pili?"

"Mwambie mke wa pili aje huku amenye viazi," mama yake alijibu kutoka jikoni. "Kila siku anaogeshwa yeye tu, kama bibi harusi."

Waya alicheka kwa mdomo. Akakirudisha kile kipande tunduni, akakibonyeza kwa kidole gumba, akaligeuza gitaa ili mtu akiingia asikione.

Kuanzia hapo aliliangalia gitaa kwa macho ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umeegeshwa tu. Funguo za kukazia nyuzi zilikuwa zilezile za zamani, zile ambazo ncha ya uzi huzamishwa katikati ya nguzo yake. Lakini kando ya kila ufunguo palikuwa na vitundu vidogo vilivyozibwa kwa unga wa mbao na gundi, mahali ambapo wakati fulani palikaa skrubu za funguo za aina nyingine. Jina la kiwanda kichwani lilikuwa limefifia, na hilo halikuwa jipya. Mkono wa baba yake ulilifuta kwa jasho la miaka. Ila jasho halifuti kwa mistari iliyonyooka. Waya alipoinamisha kichwa cha gitaa kuelekea dirishani aliiona mistari yenyewe, myembamba, yote ikielekea upande mmoja. Msasa. Mtu alikuwa amekaa mahali akalisugua jina hilo kwa msasa ili lionekane limechakaa.

Mtu asiye na neno moyoni hasugui jina.

Na mtu aliyekuwa akilifungua gitaa lile alikuwa mmoja tu: baba yake mdogo, mpiga gitaa la pili, ambaye bendi nzima ilimwita Spana kwa sababu hakuna kitu alichoshindwa kukifungua.

Baba yake, ambaye watu walimwita Kapteni, alikuwa ameugua mwaka uliopita. Ugonjwa uliingia kwenye mishipa, ukamlaza, na ulipoondoka ulimwachia mkono wa kushoto wenye ganzi na uliokosa nguvu. Siku za mwanzo hata kijiko kilikuwa kigeni kwake. Alikuwa akikishika, anakitazama, anakirudisha mezani kwa hasira. Muda wote huo gitaa lilikuwa kwenye karakana ya Spana, "lisipigwe na vumbi." Lilirudi siku Kapteni alipoweza kujifunga vifungo vya shati mwenyewe. Akalikumbatia. Akasema kila kitu duniani kimekuwa kigeni, na hata huyu mke wa pili amekuwa mgeni, lakini watazoeana tena. Na wakazoeana kweli. Mwezi baada ya mwezi vidole vilirudi, mpaka akaanza kujigamba kwa majirani kwamba ni ile dawa ya kuchua aliyopakwa na mkewe kila asubuhi. Aliipigia debe kwa kila mgonjwa wa viungo mtaani.

Waya aliyakumbuka hayo yote, na akakumbuka jambo jingine. Wakati baba yake amelala kitandani, alikuja bwana mmoja mwenye miwani ya fremu ya dhahabu, mkusanyaji wa vyombo vya zamani. Aliuliza habari za gitaa la toleo la kwanza. Alisema bodi zake bado zinapatikana, ila shingo, shingo zenyewe za awali, zimekwisha duniani. Spana ndiye aliyemsindikiza mpaka getini. Walisimama pale kwa muda, wakiongea chinichini.

*

Hakutaka kumhukumu mtu kwa tundu moja. Alikwenda mjini, kwenye duka la kukodisha vyombo vya muziki, ambako ukutani palining'inia gitaa la toleo la pili.

"Naomba kulishika hilo," alimwambia mwenye duka.

Mwenye duka alilishusha. Waya hakulipiga. Alizungusha kiganja nyuma ya shingo, akachungulia kichwa, akaligeuza, akahesabu skrubu kwenye bamba la chuma linaloifunga shingo, akanusa vanishi.

"Dada, unakodi au unaposa?" mwenye duka aliuliza. "Maana huko kunusa sijawahi kukuona."

"Naangalia tu, kaka."

"Angalia. Ila ukiomba kuonana na wazazi wake, mimi sina habari zao."

Waya alicheka, lakini kiganja chake kilikuwa kimeshapata jibu. Toleo la kwanza lilikuwa na shingo nene, ya mviringo, kama mpini wa jembe. Alipokuwa mdogo vidole vyake havikuweza kuizunguka. Toleo hili la pili lilikuwa na mgongo kidogo katikati, na bila tundu kichwani. La tatu, kama lile la Spana, lilikuwa na shingo nyembamba iliyobapa, yenye freti pana, vile vyuma vinavyoikata shingo kwa upana, iliyotengenezwa kwa ajili ya vijana wanaotaka kukimbia juu ya nyuzi. Na shingo iliyokuwa kwenye gitaa la baba yake ilikuwa nyembamba. Alipofika nyumbani aliishika tena, amefumba macho, ili asijidanganye. Bodi ilikuwa ya kwanza, bamba lilikuwa lenyewe, lenye namba yake, hata mikwaruzo ilikuwa mahali pake. Shingo ilikuwa ya toleo la tatu, imevishwa funguo kuukuu na kusuguliwa ili ifanane na mzee.

Kwa hiyo ya kwanza ilikuwa imeuzwa. Hakuona maelezo mengine. Ndugu wa damu amemwona kaka yake yuko kitandani hawezi kushika kijiko, akaona hapo ndipo pa kuchukulia.

*

Kwenye mazoezi yaliyofuata hakuyaondoa macho yake kwa Spana. Chumba cha mazoezi kilikuwa ghala la zamani lililobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, na yeye alikaa kwenye kona yake na mitambo yake, mahali pazuri pa kumchunguza mtu bila kuonekana. Kapteni alifungua wimbo. Zile noti zake za mwanzo zilimiminika kama zamani, tamu, zisizo na haraka. Spana, ambaye siku hizi hakumruhusu mtu mwingine kulishika gitaa lake, aliingia nyuma yake na mara moja akakosea. Akajirekebisha. Akakosea tena, palepale vidole vinapohama kodi moja kwenda nyingine.

"Spana!" mpiga ngoma alipaza sauti. "Leo umevaa glavu?"

"Glavu? Huyo amevaa gipsi," Kapteni akasema, na wote wakacheka.

Spana alicheka nao. Alijifuta jasho la uso kwa bega. Waya, kama alivyozoea kufanya kwa miezi kadhaa sasa, alishusha kidogo sauti ya gitaa la pili ili makosa yasisikike. Zamani alifanya hivyo kwa huruma. Safari hii alijisemea kwamba dhamira ikimsuta mtu, vidole ndivyo vinavyotoa habari.

Mazoezi yalipokwisha, Spana alilichukua gitaa la kaka yake na kulitia kwenye mfuko.

"Unalipeleka wapi, Baba mdogo?" Waya aliuliza.

"Karakana. Nikalibadilishie nyuzi."

"Si ulibadilisha juzi tu?"

"Nyuzi zinazeeka, mwanangu."

"Basi nipe, nitabadilisha mimi leo. Si kazi kubwa."

"Acha!" Neno lilimtoka kwa ukali, mpaka mpiga ngoma akageuka. Spana akalainisha sauti. "Acha, mama. Utachoka bure. Una nyaya zote hizo za kukunja."

Akatoka haraka, mfuko mgongoni, bila kuaga.

Jioni ileile Waya alimfuata baba yake uani, akamkuta amekaa kwenye kiti, anafinyafinya mpira wa mazoezi ya mkono.

"Baba, Jumamosi wahi kidogo kwenda karakana kwa Baba mdogo kabla ya mazoezi. Kuna kitu cha gitaa nataka kukuonyesha, naye akiwepo."

"Kitu gani?"

"Nitakuonyesha hapohapo."

Kapteni aliacha kuufinya mpira. "Mbona unaongea kama polisi?"

"Utaona, Baba."

"Waya. Mimi na mdogo wangu tuna bendi moja tangu hujazaliwa. Tumegombana kwa ajili ya wanawake, kwa ajili ya nyimbo, kwa ajili ya betri ya redio. Kama unachotaka kunionyesha kitatutenganisha, uwe na uhakika nacho."

"Ninao," alisema, na usiku ule usingizi ukamruka kwa kulisema hilo.

*

Jumamosi alikwenda yeye kwanza. Alitaka kumkuta Spana kabla baba yake hajafika, ampe nafasi ya kusema mwenyewe. Aliona hiyo ndiyo haki, kwamba hata mwizi asivuliwe nguo bila kubishiwa hodi.

Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alipoinua mkono agonge, akasikia gitaa. Halikuwa limeunganishwa kwenye spika. Sauti yake ilikuwa kavu, ndogo, ya bati. Mtu alikuwa akipiga kodi zilezile za gitaa la pili, polepole, anakosea palepale, anarudia. Anakosea. Anarudia. Kisha kukasikika pumzi ndefu ya mtu aliyechoka.

"Hodi."

Kukasikika vurugu za kitambaa na kiti kuburutwa.

"Nani?"

"Mimi, Baba mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Subiri."

Alifungua baada ya muda. Karakana ilinuka gundi na risasi ya kuchomea. Bisibisi zilipangwa ukutani kwa urefu, na kwenye meza ya kazi gitaa la Kapteni lilikuwa limelala na nyuzi mpya, nyembamba mno. Pembeni, juu ya kiti, kulikuwa na kitu kilichofunikwa shuka.

Waya hakuketi. "Shingo ya Baba iko wapi?"

Spana alimtazama, akaangalia mlango, akamtazama tena. "Shingo gani?"

"Baba mdogo, usinifanye mtoto. Nimeliona tundu. Nimeiona na mistari ya msasa wako. Nimekwenda kushika toleo la pili mjini, na la tatu nililishika jukwaani kila wiki kabla Baba hajaugua. Hiyo hapo mezani ni shingo ya toleo la tatu. Ulimpa yule bwana wa miwani, siyo?"

"Yule?" Spana akaguna. "Yule nilimfukuza. Nilimwambia akirudi nitamfungua na yeye skrubu."

"Basi iko wapi?"

Macho yake yalimsaliti, yaliruka kwenye kiti kisha yakarudi. Waya akavuka chumba kwa hatua ndefu na kulivuta shuka.

Lilikuwa gitaa la Spana mwenyewe, bodi nyeusi ya toleo la tatu. Ila juu yake ilisimama shingo nene yenye vanishi ya rangi ya asali. Waya aliishika. Kiganja kikaitambua kabla ya macho. Nyuma yake, mahali pa dole gumba, palikuwa na bonyeo lililotokana na kugongwa na stendi ya maikrofoni, ambalo alizoea kulitia kidole chake cha utotoni.

Kwa hiyo haikuuzwa. Ila wazo lililochukua nafasi ya lile la kwanza lilikuwa chungu zaidi.

"Umejichukulia," alisema polepole. "Miaka yote umekuwa wa pili. Umesubiri aanguke, ukajivisha shingo yake."

Spana alikaa kwenye kiti chake cha kazi. Akanyoosha mikono yake mbele yake, akaifungua. Ilikuwa mikono midogo, vidole vifupi vya fundi.

"Hebu niangalie hivi vidole, mwanangu. Hivi vidole na lile gogo, vinapatana wapi?"

Waya akaviangalia.

"Alipotoka kitandani alikuja hapa. Wewe hukuwepo. Akaomba gitaa lake. Nikampa. Akashika kodi ya kwanza tu, mkono ukakataa kuzunguka. Akajaribu tena. Unajua alichoniambia? Aliniambia, 'Liweke. Usimwambie mtu kuwa nilikuja.' Akaondoka. Nilimwangalia akienda, nikajua kuwa yule harudi tena." Akafikicha pua kwa nyuma ya mkono. "Ndiyo nikafungua shingo zote mbili siku ileile. Yangu nyembamba nikamtilia yeye, nikahamisha na funguo zake, nikasugua nilichosugua. Yake nikajitilia mimi, kwa sababu kama ningeiweka kabatini, angeona gitaa langu halina shingo. Nikampelekea nyumbani. Nikamwambia nimelifanyia sevisi."

"Na nyuzi?"

"Kila wiki naweka nyembamba kidogo. Nilianza na za kawaida ili asishtuke."

"Yeye anasema ni ile dawa ya kuchua."

"Mwache aseme. Na mimi nimeinunua, najipaka." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Mkono wangu ndio unaoumia sasa."

Waya alikumbuka glavu na gipsi, na kidole chake mwenyewe kikishusha sauti ya gitaa la pili. Na hapo ndipo alipokumbuka nani alikuwa njiani.

"Baba mdogo. Nimemwita Baba hapa."

"Umemwita?"

"Nimemwambia kuna kitu cha gitaa nitamwonyesha."

Spana aliinuka kwa kasi, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mwambie ni pikapu, hiki kinasa sauti cha chini ya nyuzi. Mwambie inakoroma. Mwambie waya umelegea, mwambie chochote! Akijua atairudisha ya kwake. Unamjua. Atasema yeye si kilema wa kudanganywa. Atairudisha, itamshinda, na safari hii hatashika gitaa tena. Waya, nakuomba. Nakupigia magoti kama unataka."

Nje, geti lililia. Nyayo za Kapteni zikasikika kwenye kokoto, ule mwendo wake wa kuburuta kidogo mguu wa kushoto.

*

"Haya," Kapteni alisema, akiegemea mwimo wa mlango. Alimtazama mdogo wake, akatazama kiti kilichoanguka, akamtazama binti yake. "Mahakama imekaa. Nionyeshe."

Waya alifungua kinywa. Uongo ulikuwa tayari ulimini, mdogo, wa heshima: pikapu inakoroma. Alimwangalia Spana, ambaye alikuwa amesimama mbele ya gitaa jeusi kama mtu anayeficha maiti. Akamwangalia baba yake, ambaye alikuja kwa sababu binti yake alimwambia ana uhakika. Alifikiri kwamba akisema uongo huu, atausema tena wiki ijayo, na nyingine, kila atakapolisafisha gitaa. Wangekuwa wawili sasa wanaomchunga mzee huyu asijue maisha yake mwenyewe.

"Shingo ya gitaa lako si yako, Baba," alisema. "Ni ya Baba mdogo. Yako anayo yeye. Alibadilisha ulipougua, kwa sababu yako ilikuwa inaukataa mkono wako. Mimi nilidhani ameiuza. Nilikuita ili nimshtaki, na nimekosea."

Spana akafunika uso.

Kapteni aliingia, akamsogeza mdogo wake kwa bega, si kwa ukali, akalitwaa gitaa jeusi na kukaa nalo. Akaishika ile shingo nene. Akapitisha kiganja nyuma yake, huku na huku, na Waya akaona jinsi macho yake yalivyofumba. Kisha akajaribu zile noti zake za mwanzo. Dole gumba likateleza. Kidole cha tatu hakikufika. Uzi ukatoa sauti ya kufa. Akajaribu tena, akikaza meno, mshipa umemtoka shingoni, na tena uzi ukafa.

Akakilaza kiganja chake juu ya nyuzi.

"Na wewe," Kapteni alisema mwishowe bila kuinua kichwa, "umekuwa ukipiga na gogo hili miezi yote hii?"

"Ndiyo, kaka."

"Na mimi nakuita gipsi mbele za watu."

"Si neno, kaka."

"Ni neno!" Sauti yake ilijaza karakana. Spana akarudi nyuma, akagonga ukuta, bisibisi mbili zikaanguka. "Ulikuwa na msasa, ulikuwa na randa, ulikuwa na mikono inayojua kazi. Kwa nini hukuipunguza hii?"

Spana alimtazama kana kwamba kaka yake ametukana. "Kuipunguza? Kaka, hiyo ni ya toleo la kwanza. Hazipo tena. Huwezi kutia randa kwenye kitu kama hicho. Hata yule bwana wa miwani alisema..."

"Kwa hiyo ukaona afadhali kumdanganya mtu kuliko kuukwaruza mti."

Spana akainama kuokota bisibisi. Hata Waya, katika kulinganisha kwake kote, kushika na kunusa na kuhesabu skrubu, hakuwahi kuwaza kwamba shingo ile ingeweza kuguswa. Alikuwa tayari kumpoteza baba mdogo, lakini si ule unene.

Kapteni alilinyoosha gitaa kuelekea kwa mdogo wake. "Fungua."

"Kaka..."

"Fungua, bwana. Nimeichoka hii sura yako ya msiba. Itoe hapo, uibane kwenye jiliwa, na upunguze mgongo wake mpaka mkono wangu uzunguke. Na ile yako nyembamba ujirudishie, tupone na makosa yako."

"Nikikosea haitarudi."

"Mkono wangu nao haurudi," Kapteni alisema kwa sauti ya chini. "Utarudi kidogo. Hautarudi wote. Nilikuwa najua hilo la mkono, hata kabla ya leo, nikawa najifanya sijui kwa sababu ilikuwa raha."

Spana alilichukua gitaa. Alilegeza nyuzi moja moja, akafungua skrubu za bamba, na shingo ikaachana na bodi kwa mlio mdogo. Aliifunga kwenye jiliwa akiwa ameizungushia vitambaa kama anayemfunga mtoto kidonda. Alichukua kipande cha msasa mgumu, akakikunja kwenye kibao, akakiweka juu ya mti, kisha mkono ukagoma.

Waya alisogea akasimama kando yake. Akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha baba yake mdogo.

"Nisamehe kwanza," alisema.

"Kwa lipi?"

"Kwa yote niliyokuwaza."

"Mbona kama ningeliona tundu hilo mimi, ningejiwazia hivyohivyo," Spana alisema, na wakasukuma pamoja. Vanishi ya asali ikapasuka kwa mkwaruzo uliowauma meno, vumbi jeupe likamwagika mezani, na chini yake ukatokea mti mbichi, wa rangi ya maziwa, usiokuwa umeona mwanga tangu kiwandani.

Kapteni aliinuka na kuja kuuzungushia vidole vyake vyenye ganzi. Akakaza. Akalegeza.

"Bado," alisema. "Toa tena kidogo. Upande wa dole gumba."

Wakatoa. Akashika tena, akatikisa kichwa, wakatoa tena. Mazoezi yalikuwa yameshaanza ghalani bila wao, na simu ya Spana ililia mfukoni ikachoka yenyewe. Jua lilipofika kwenye meza ya kazi, Kapteni alikuwa bado anasema bado, na Spana, mkono wake haugomi tena, alikuwa akipuliza vumbi na kumsogezea kaka yake ashike.